Kreni namba 2 inachoka kila ikifika saa 4 asubuhi

injinia_mchanga
Shikamooni wakubwa. Mimi ni injinia wa tatu, mkataba wa kwanza, meli ya shehena kichele (mzigo usiofungashwa) yenye kreni nne za haidroliki, kila moja tani 30. Tuko Mtwara tunapakia makaa ya mawe. Namba 2 inanitoa jasho. Saa 1 asubuhi inanyanyua vizuri kabisa. Saa 3 mzigo uleule inaupandisha kwa kujikokota, king'ora cha joto la mafuta kinalia, na saa 4 inajizima yenyewe, mzigo unaning'inia juu ya ngama na vijana wa chini wananitukana.

Mafuta yako kwenye kiwango. Filta nimebadilisha. Kipoza mafuta nimekipuliza kwa hewa ya kompresa. Joto linafika nyuzi 78. Injinia wa pili anasema pampu ya kunyanyulia imekwisha, tuagize nyingine. Mimi nasita.

fundi_umeme_tanga
Kaka, umeangalia breki? Ikiwa haifunguki yote, mota inapigana nayo na joto lazima lipande. Chukua kile kipima joto cha kumulika, linganisha na breki ya namba 1. Mkono usipeleke, utaacha ngozi pale.

mzee_wa_winchi
Marahaba mwanangu. Pampu iliyokufa haifufuki kila asubuhi, kwa hiyo msiagize kitu bado.

Nyie bila shaka mnatumia mafuta namba 46. Hiyo 46 ni uzito wake wa kutiririka, si wa kilo, kwenye nyuzi 40. Yakifika 80 unabakiwa na kama 11 tu, maji matupu. Mafuta mepesi hivyo yanapenya ndani kwa ndani kwenye pampu na mota badala ya kusukuma, mzigo unapanda kama mgonjwa, na huko kupenya kwenyewe kunazidisha joto. Ndiyo maana inaonekana kama pampu mbovu. Swali ni kwa nini joto halitoki.

Ile filta ya zamani natumaini hujaitupa. Ikate, kunjua karatasi yake, itazame juani. Ukiona chembe zinazometa rangi ya shaba, mkubwa wako amesema kweli na mimi nanyamaza. Ukiona weusi mtupu, pampu ingali hai.

Halafu kipoza. Ulipopuliza ulisimama wapi? Wengi husimama pale panapofikika, wakasukumia uchafu ndani zaidi. Vumbi la makaa likikutana na mvuke wa mafuta linakuwa kama ugali wa mtama, hewa peke yake hailing'oi. Fungua kifuniko cha feni, ingia nyuma, osha kwa dawa ya kukata mafuta.

Na kabla ya hayo yote, chukua karatasi ya chooni, ishike kwenye wavu feni inapovutia hewa. Inatakiwa inate. Hapo ndipo mimi nilipokosea bandarini Chittagong, Bangladesh, tunashusha klinka (malighafi ya saruji): nilifungua pampu siku mbili nzima, usiku na mchana, kumbe feni inazunguka kinyume. Feni ya namna hiyo inavuma, upepo unausikia, ila haupozi kitu.

ofisa_wa_zamu
Naongeza moja: atatokea mtu akuambie uunganishe waya uiruke swichi ya joto "tumalize shifti". Kataa, na kasoro iandike daftarini. Tangu tarehe 1 Januari 2026 vifaa vya kunyanyulia vimo ndani ya SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, sura II-1, kanuni ya 3-13. Mkaguzi akipanda hamna pa kujificha.

injinia_mchanga
Mzee, karatasi imeruka ikanipiga usoni!

Nimeulizia, mota ya feni ilibadilishwa safari iliyopita kabla sijapanda. Fundi umeme wetu kageuza nyaya mbili, dakika kumi kazi imekwisha. Filta niliikata, weusi tu. Nyuma ya kipoza nimetoa tope la makaa nusu ndoo. Breki ilikuwa sawa na ya namba 1. Leo kreni imefanya kazi mpaka saa 10 jioni na joto halijavuka 61.

Injinia wa pili hajasema neno, ila chai kanipa yeye. Chifu injinia kaniambia nikapime na zile tatu. Nimeanza na namba 4. Nako karatasi imeruka.