Kijana ashukaye botini Lampedusa, kisiwa cha Italia, akisema ana miaka 16: shaka imwelemee nani?

Mwanzisha mada: Sheria ya Italia namba 47 ya mwaka 2017 inakataza kumrudisha mpakani mtoto aliyefika bila mzazi wala mlezi. Hata hivyo, sheria namba 176 ya mwaka 2023 inaruhusu kwamba, vituo vya watoto vikijaa, kijana anayeonekana kutimiza miaka 16 awekwe kwa muda katika kituo cha watu wazima, ingawa katika sehemu ya pekee. Na polisi wakiutilia shaka umri wake wanaweza, kwa idhini ya mwendesha mashtaka, kuagiza apigwe eksirei ili umri ukadiriwe kwa mifupa yake. Je, utaratibu huu ni wa haki?

Mchangiaji wa kwanza: Naona utaratibu huu una msingi. Mtu wa miaka 25 akilazwa chumba kimoja na mtoto wa miaka 13 kwa kuwa tu alijitaja kuwa mtoto, anayehatarishwa ni yule wa miaka 13. Tukumbuke pia kwamba katikati ya Septemba 2023 kisiwa hicho chenye wakazi kama 6,000 kilipokea ndani ya siku chache watu wengi kuliko wenyeji wake.

Mchangiaji wa pili: Hatari unayoitaja ni ya kweli, ila dawa yake ndiyo ileile hatari iliyogeuzwa upande, kwani sasa ni wa miaka 16, ambaye huenda ametoroka vita Sudan na kupitia vituo vya kuzuilia wahamiaji vya Libya, anayepelekwa kwa watu wazima. Eksirei ya mkono haitamwokoa: inaweza kukosea kwa miaka miwili hivi, na jedwali linalotumika sana kulinganishia mifupa lilitokana na watoto wa Kimarekani, Wazungu wa familia zenye uwezo, waliopimwa miaka ya 1930 na mwanzoni mwa miaka ya 1940. Mwaka 2022 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliitia Italia hatiani kwa kumweka kijana wa Gambia zaidi ya miezi minne katika kituo cha watu wazima kilichojaa, baada ya kumpima kwa njia hiyohiyo. Na matokeo hayo hukatiwa rufaa ndani ya siku tano! Mgeni asiyejua Kiitaliano ataiandikaje bila mlezi wa kisheria?

Mchangiaji wa kwanza: Kuhusu mlezi nakubali: ateuliwe kabla ya kipimo. Kuhusu kuwachanganya vijana wenye umri wenye shaka na watoto wadogo, bado nakataa. Wajengewe makazi yao wenyewe.