Mjadala: Jengo la mahakama lipewe jina la Jaji Augustino Ramadhani?

Mtunza Kumbukumbu
Wakuu, kila ikifika tarehe 28 Aprili watu wanaweka picha ya Jaji Ramadhani, wanaandika "pumzika kwa amani", kesho yake kimya. Tangu 2020 ni hivyo hivyo. Mtu huyu amekuwa Jaji Mkuu wa Zanzibar, akawa Jaji Mkuu wa Tanzania, Brigedia Jenerali wa JWTZ, Rais wa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pale Arusha, na uzeeni akapewa ukasisi wa Anglikana. Naona jengo moja la mahakama lingebeba jina lake. Mnasemaje?

Pwani Mchangani
Naunga mkono mikono miwili. Mkristo mwenye jina la Ramadhani, amekaa kiti cha Jaji Mkuu Zanzibar na watu wakamheshimu. Hilo peke yake linatosha kuwafundisha wajukuu zetu.

Kura Yangu
Sikubali. Kesi ya mgombea binafsi, yaani asiye na chama, mmeisahau? 2010, kesi hiyo ya Mchungaji Mtikila ilipofika Mahakama ya Rufani, majaji watano chini ya Ramadhani walisema hilo ni jambo la siasa, Bunge liamue. Mahakama Kuu ilikuwa imesharuhusu mara mbili, 1994 na 2006. Mpaka leo bila kadi ya chama hugombei hata udiwani. Halafu 2015 mwenyewe kachukua fomu ya CCM kuutaka urais, akiwa bado Rais wa Mahakama ya Afrika. Hakimu wa aina hiyo tumwandikie jina ukutani?

Mzee wa Kisutu
Kijana, kabla ya kuhukumu watu jifunze maneno. Kwanza walikuwa saba, si watano. Pili, Ramadhani hakuwa hakimu, alikuwa jaji. Hakimu ni yule wa mahakama ya mwanzo anayeamua kesi za kuku na mipaka ya mihogo. Usimshushe marehemu.

Mtoto wa Mwanzo
Mzee wa Kisutu, nimekuwa nikisoma tu, ila hapa umenigusa. Baba yangu alikuwa hakimu wa mahakama ya mwanzo mpaka alipostaafu. Alikaa na wazee wake wa baraza wawili, akasikiliza, akaandika kwa mkono wake, akasoma hukumu mbele ya wote wawili, aliyeshinda na aliyeshindwa, na wote wakaielewa. Hiyo "mipaka ya mihogo" ndiyo chakula cha mtu. Mpaka ukisogezwa hatua tatu, watoto wanalala njaa. Kumwita mtu hakimu ni kumshusha kutoka wapi?

Mzee wa Kisutu
Sijamtukana baba yako. Nimetofautisha vyeo.

Mtoto wa Mwanzo
Umesema kuku.

Nanga ya Bandari
Mwenzangu una haki. Mirathi ya marehemu mama yetu iliamuliwa mahakama ya mwanzo, na yule hakimu alituita mmoja mmoja, akatueleza mpaka mdogo wetu wa mwisho akaelewa. Hakuna jaji aliyewahi kutufanyia hivyo.

Bi Mkunazini
Wanangu, naomba nirudishe kidogo kwenye marehemu. Kura Yangu anataja 2010 kana kwamba ndiyo mwisho wa habari. Ramadhani alikuwa Makamu Mwenyekiti wa Tume ya Mabadiliko ya Katiba, ile ya Jaji Warioba. Rasimu ya Katiba waliyoitoa Juni 2013 iliruhusu mgombea binafsi. Mtu yule yule aliyesema akiwa mahakamani kwamba hilo ni la watunga katiba, alipokaa na watunga katiba aliliweka. Mimi hapo naona mtu mmoja, si wawili. Na kanisani alikuwa akipiga kinanda, sijui kama mnajua.

Nanga ya Bandari
Kesi ya kuku nayo ni kesi. Kuku wa mjane ni ada ya shule.

Kura Yangu
Nawaona mmenikalia kwenye neno hakimu ili mkwepe hoja. Sawa, jaji. Na huyo jaji alipofika Arusha alikaa kuamua kesi ile ile ya Mtikila aliyokwisha kuiamua Dar. Hilo nalo ni heshima?

Mzee wa Kisutu
Uongo huo, ufute. Alijiondoa. Itifaki ya mahakama ile hairuhusu jaji kusikiliza kesi ya nchi yake. Hukumu ya 14 Juni 2013 imetolewa na wenzake, na Tanzania ilishindwa. Unamzulia mtu ambaye hawezi kukujibu!

Kura Yangu
Hilo la kujiondoa nalipokea, nilisikia vibaya, nisamehewe. Lakini sirudi nyuma kwa mengine. Angalieni na kesi ya adhabu ya kifo ya 1995, naye alikuwa kwenye jopo. Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kunyonga ni ukatili na kunamdhalilisha mtu, kisha ikasema Katiba inaruhusu, adhabu ikabaki. Ukiweka na ya 2010 unaona mwendo ule ule: jambo baya linaitwa baya, halafu linaachwa lilivyo. Mtu anayesubiri kitanzi afanye nini na maneno mazuri?

Pwani Mchangani
Umezisoma hizo hukumu au umesimuliwa?

Kura Yangu
Wewe umezisoma?

Pwani Mchangani
Nilianza ya 2010. Kiingereza chake ni kirefu, nikaishia njiani. Sioni aibu kusema.

Mtoto wa Mwanzo
Na hapo ndipo panaponiuma mimi. Baba aliandika kwa Kiswahili miaka yote ile, kwa sababu mahakama ya mwanzo ndiyo lugha yake. Ukipanda ngazi unakuta Kiingereza. Haki ya kugombea ni ya mama anayeuza samaki, imeamuliwa kwa lugha asiyoijua, na sisi tunagombana hapa juu ya kitu ambacho karibu wote hatujakisoma.

Mzee wa Kisutu
Sheria ilibadilishwa 2021, Kiswahili sasa ndiyo lugha ya mahakama. Msilaumu kila kitu.

Nanga ya Bandari
Sheria imebadilishwa ya mbele, mzee. Hukumu za nyuma nani anazitafsiri?

Mzee wa Kisutu
Kuna maneno hayatafsiriki kirahisi. Nimefanya kazi ya sheria, najua ninachosema. Neno moja likikosewa, haki ya mtu imepotea.

Bi Mkunazini
Mbona Biblia na Kurani zimetafsiriwa, baba, na humo kuna uzima wa milele?

Mtunza Kumbukumbu
Wakuu, niliuliza habari ya jengo.

Nanga ya Bandari
Jengo lisubiri. Mimi nasema anayempenda Ramadhani achukue hukumu zake aziweke kwa Kiswahili, za kumsifu na za kumlaumu. Bi Mkunazini amesema jambo zito la ile rasimu na hakuna aliyemjibu, hata mimi niliruka. Tungekuwa na maandishi mbele yetu tungejua kama 2010 alikataa kwa kuogopa au kwa kuamini.

Kura Yangu
Bi Mkunazini shikamoo, nimerudi kukusoma. Kama aliamini ni kazi ya Katiba, kisha akaipigania kwenye Katiba, basi hasira yangu kwake inapungua, si yote. Kwa aliyetaka kugombea mwaka ule, imani ya jaji haikumsaidia. Na lile la fomu ya 2015 bado linanikera. Mahakama ya Afrika ilihitaji rais asiye na chama.

Bi Mkunazini
Marahaba mwanangu. La fomu hata mimi lilinisikitisha.

Mzee wa Kisutu
Ninayo hukumu ya 2010. Nikipata nafasi nitaweka kurasa chache za mwanzo kwa Kiswahili. Mtakaoona nimekosea mnirekebishe kwa adabu.

Mtunza Kumbukumbu
Ahsante mzee wangu. Weka hapa hapa, nitazikusanya.

Mtoto wa Mwanzo
Nitasoma kila neno. Ila mzee, lile la kuku hujaliondoa.