Shaba yangu na matumbawe ya Dar

Dereva wa Katuba
Jambo bakubwa. Ninaendesha lori la shaba, Lubumbashi hadi bandari ya Dar es Salaam. Mpaka wa Kasumbalesa foleni, mpaka wa Tunduma foleni, mnajua wenyewe. Safari iliyopita nilishusha mzigo, nikavuka kwa pantoni hadi Kigamboni kumwona shemeji. Ufukweni nikakuta vijana wanakwangua tumbo la boti, vumbi jekundu limewajaa mpaka kwenye kope. Fundi akasema ni rangi ya shaba, hupakwa ili wadudu wa baharini wasigande. Nikacheka, kumbe mzigo wangu nao umevuka pantoni! Akaongeza kwamba likizama vumbi lile, matumbawe yanaumia. Hapo kicheko kikakata. Shaba inauaje jiwe? Na maji ya Kafubu, mto wetu wa Lubumbashi, nayo yanafika kule?

Mwalimu wa kemia
Kaka, tumbawe si jiwe. Ni wanyama wadogo waliojijengea nyumba ya chokaa, na mwilini mwao wanaishi mwani unaowalisha. Shaba hata kidogo inazuia mayai yao kurutubika, na vichanga vinashindwa kujishikiza mwambani.
Usiangalie maji, angalia tope. Shaba hunata kwenye udongo laini na kuzama nao. Leo utapima maji ya juu uyakute safi, kumbe tope limetunza uchafu wa miaka. Bandari ikichimbwa kuongeza kina, unaibuka tena. Zamani meli zilipakwa rangi ya TBT, yenye bati, sumu kali kweli. Mkataba wa kimataifa wa kuikataza ulianza kutumika 2008, lakini kwenye matope ya bandari bado imo.
Kafubu huingia mto Luapula, kisha ziwa Mweru, mito ya Luvua na Lualaba, mwisho Atlantiki. Dar haifiki hata kwa lifti.

Mutoto wa Kenya (mtaa wa Lubumbashi, si ya Nairobi)
Dar haifiki, sawa. Lakini mto Lubumbashi unapita chini ya lile lundo jeusi la mabaki ya kiwanda cha shaba kilichoanza kuyeyusha 1911, halafu unaingia Kafubu. Lengalenga (mchicha) tunazokula na bukari (ugali) zinamwagiliwa wapi? Tope letu nani analipima?

Mwalimu wa kemia
Swali zuri, fungua uzi wake. Ila dereva asibebe lawama zote: kilichopausha matumbawe sehemu kubwa ya Bahari ya Hindi 1998 ni joto la maji. Shaba inamkuta mgonjwa tayari.

Niliishi Unguja
Mafundi wa majahazi walikuwa wanapaka deheni, mafuta na chokaa. Hakuna shaba hapo.

Dereva wa Katuba
Asanteni. Nimempigia yule fundi kuhusu deheni. Amecheka sana. Anasema hiyo chokaa ya wazee ilitoka kwenye matumbawe yaliyochomwa. Nimemwomba basi watandike turubai wanapokwangua, vumbi walizoe badala ya kuliachia maji. Turubai kuukuu ninalo, nitamshushia safari ijayo.