Naomba ushauri, pH ya bwawa inapanda kila nikiishusha

Habari zenu wakuu, naombeni msaada. Nina bwawa la kuogelea nyumbani, kama lita elfu 40 hivi, maji yana ukungu wiki ya pili sasa. pH (kipimo cha ukali wa asidi kwenye maji, ikipanda asidi imepungua) inasoma 8.2, naweka asidi inashuka mpaka 7.4, siku mbili tu imerudi palepale. Klorini (dawa ya kuua vijidudu) iko 2 ppm (sehemu kwa milioni), alkaliniti (uwezo wa maji kupinga asidi) ndo iko juu, 190 ppm, nahisi hiyo ndo inapandisha pH ila sina uhakika. Filta nimeosha, pampu inazunguka masaa 8 kwa siku, bado. Watoto nimewazuia kuingia maana macho yaliwawasha sana, inaniuma kweli.

Sasa niendelee na asidi kidogokidogo mpaka alkaliniti ishuke, au nitoe nusu ya maji nijaze mapya? Na wakati wa kuweka asidi pampu iwe inazunguka au nizime?