Hoteli ikilipia askari haijanunua Polisi. Hawa walinzi wa pwani mamlaka wameyatoa wapi?

Assalaam alaykum wanajamvi.

Naandika kwa hasira na sitaficha. Msimu wa wageni ukichanganya hapa Zanzibar, kuanzia Nungwi na Kendwa mpaka Paje na Michamvi, mchezo ni ule ule. Kijana anapita pwani na ndoo yake ya pweza, mlinzi wa hoteli anamzuia. Akibisha anapokonywa simu, anafungiwa stoo masaa, mwisho anaambiwa achague: alipe "faini" au aitiwe Polisi. Na hatua ishirini kutoka hapo yupo askari wa kweli, kavaa sare ya Serikali, kalipiwa na hoteli hiyo hiyo, anaangalia bahari.

Tuanze na mlinzi wa kampuni. Buti, kofia, redio ya mkononi na pingu za kununua dukani havimuongezei kitu. Mbele ya Sheria ya Mwenendo wa Jinai, ile Namba 7 ya 2018 ya hapa kwetu Zanzibar, huyu ni raia. Anachoweza kukamata ndicho anachoweza kukamata muuza urojo wa Forodhani: mtu anayetenda kosa mbele ya macho yake, au anayemshuku kwa sababu za maana kuwa katenda kosa kubwa. Kwa kuwa ni mtumishi wa mwenye mali, anaweza pia kumkamata anayemkuta anaiharibu mali aliyopewa ailinde. Basi, imeisha hapo.

Hayo maneno "mbele ya macho yake" ndiyo yanayowashinda. Mpishi kusema simu ya mgeni imepotea na "yule papasi (kijana wa kutembeza wageni) alikuwa anapitapita", huko si kuona. Mtu kufanana na mwizi wa juzi si kuona. Na kukaa mchangani hakujawa kosa hata siku moja.

Haya, tuseme kakamata kihalali. Anamwambia mtu sababu ya kumkamata. Nguvu anayotumia ni ile ya kumzuia asikimbie tu, asiyebisha hapigwi. Kisha anamkabidhi kwa Polisi bila kuchelewa, na kama askari hayupo karibu, anampeleka kituo kilicho jirani. Stoo haimo katika safari hiyo. Meneja kumhoji kwanza haimo. Kumfungia mtu isivyo halali ni kosa la jinai, na anayestahiki kukamatwa hapo ni aliyeshika ufunguo. Faini nayo hutozwa na mahakama. Mlinzi anayepokea elfu hamsini ili afungue mlango amechukua pesa kwa vitisho, aite jina alipendalo.

Na linaloudhi zaidi, ujinga huu hata hoteli yenyewe hauifai! Mlinzi aliyekamata ndiye shahidi wa kwanza wa kesi. Akimpiga mshtakiwa, wakili anaanza na majeraha, wizi unasahauliwa. Akimlazimisha aandike karatasi ya "nakiri nimeiba" mbele ya meneja, karatasi hiyo inakwenda mahakamani inanuka vitisho. Akiichukua simu inayodaiwa ya wizi, akaitia mfukoni, ikapita mikono mitatu kabla ya kufika kituoni, nani atathibitisha kuwa ndiyo ile? Polisi wakichukua kitu wanatakiwa waandike hati ya ukamataji mali, asaini aliyekamatwa nacho na asaini shahidi. Mlinzi hana hati hiyo. Kazi yake ni kukiacha kitu kilipo, kukilinda, na kuandika saa. Asipofanya hivyo kesi inafutwa, halafu tunaambiwa mahakama zinawabeba wezi.

Simlaumu sana yule mlinzi mwenyewe. Analipwa kidogo, anasimama zamu ya masaa 12 na mafunzo yake ni kupiga saluti. Namlaumu anayemtuma.

Sasa polisi wa kulipiwa, hapa ndipo pananuka. Benki zinalindwa na polisi, pesa zinasindikizwa na polisi, na hilo lina utaratibu: maombi yanakwenda kwa kamanda, kamanda ndiye anayeamua idadi ya askari, silaha na saa. Mlipaji analipia kuwepo kwa askari mahali pale. Amri halipii. Kiapo cha askari hakikatiki kwa sababu posho imetoka kwa mwekezaji. Kwa hiyo meneja akimwambia "watoe hawa pwani", jawabu ni moja: wametenda kosa gani? Na askari huyo huyo akiona mtu anapigwa na walinzi, ana wajibu wa kuingilia kati na kuwakamata wapigaji. Lile jibu la "mimi niko hapa kulinda jengo tu" ni la bawabu. Askari wa hivyo anatufanyia yote mawili kwa mpigo, anazidisha mamlaka kwa mvuvi na anayapunguza kwa tajiri.

Na malipo yaende Serikalini kwa kontrol namba na risiti. Bahasha ya mkononi kila Ijumaa ni rushwa.

Polisi msaidizi ni mtu mwengine tena: kaapishwa kwa mujibu wa Sheria ya Jeshi la Polisi, Sura ya 322, na mamlaka yake yanaishia kwenye eneo alilopangiwa. JKU (Jeshi la Kujenga Uchumi), KMKM (Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo) na Chuo cha Mafunzo (magereza) ni Idara Maalum za SMZ, yaani Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, zimo kwenye Ibara ya 121 ya Katiba ya Zanzibar. Hizo si Polisi, Polisi ni jambo la Muungano. Kofia ya kikosi mlangoni kwa mwekezaji haigeuzi geti kuwa kituo cha Polisi.

Mkizuiwa pwani, waulizeni mpaka uko wapi. Mkataba wa ukodishaji ardhi una ramani na mawe ya mpaka. Mchanga unaofunikwa na maji bamvua (maji makubwa ya kujaa) likija haumo kwenye kiwanja cha mtu, na akina mama wa mwani wana haki ya kuupita kwenda mashambani mwao.

Likikufika, angalia saa uliyokamatwa na saa uliyofikishwa kituoni, uzitaje zote mbili kwenye maelezo yako. Soma jina na namba kifuani mwa askari. Dai RB, namba ya taarifa yako kwenye daftari la kituo. Umeumizwa? Chukua PF3, fomu ya Polisi ya matibabu, kabla ya kutibiwa. Ukiwa hali mbaya hospitali kwanza, fomu itafuata. Mwambie sheha, kiongozi wa shehia yako, siku ile ile. Kituo kikikuzungusha, andika barua kwa mkuu wa Polisi wa mkoa, nakala Makao Makuu Ziwani na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

NYONGEZA: Naona mnauliza kuhusu kupekuliwa getini. Ukitaka kuingia ndani ya hoteli, mlinzi anaweza kukuwekea sharti la kufungua mkoba. Ukikataa, anakunyima kuingia, hana zaidi ya hapo. Pwani na barabarani hana ruhusa ya kukupekua. Na mwanamke hupekuliwa na mwanamke mwenzake, kwa heshima, hata kama mpekuzi ni polisi. Aliyeuliza kama mlinzi anaweza kufungua simu yako na kuangalia picha: hapana, hata akisema kaagizwa na meneja.