Wanawake wakishika mpini: tupeane uzoefu wa hadithi hizi

Wakuu, habari za leo. Nazungumzia hadithi za dunia ya kubuni ambako mamlaka kati ya mwanaume na mwanamke yamepinduliwa. Ulipoisoma au kuiandika, watu wako waliipokeaje?

Naanza mimi. Umeme umekatika Tabata, nikamsimulia mume wangu Ndoto ya Sultana ya Rokeya Sakhawat Hossain, mwanamke wa Bengal, 1905. Wanaume wanakaa ndani wanapika, wanawake wanatawala, wanavuna joto la jua na kuteka maji mawinguni. Baba watoto kacheka weee. Kisha akauliza, "Sasa hao wanaume walikubali kirahisi hivyo?" Nikamwambia vita viliwashinda, malkia akawaomba waingie ndani, wakaingia. Kinamama wakamfukuza adui kwa miale ya jua. Baadaye wanaume wakaomba kutoka, wakajibiwa kwamba wakihitajika wataitwa. Jibu hilo hajalipenda mpaka leo.

*

Asante dada. Mimi ni mwalimu, Mbagala. Niliwapa kidato cha tatu insha: Dar ambayo wasichana wanazaliwa na nguvu kuliko wavulana. Wavulana karibu wote waliandika vita na marais wakali. Msichana mmoja kaandika hivi: anapanda gari la mwisho la Kariakoo–Rangi Tatu, anashuka, anakatiza uchochoro peke yake, anafika, anakula, analala. Basi. Mwalimu mwenzangu akasema haina mgogoro. Mimi nilimpa alama za juu kuliko wote, maana mgogoro ulikuwa kwetu tuliosoma huku tunangoja kitu kimpate.

*

Mimi Mluguru, watani mnisamehe. Kwetu ukoo unahesabiwa kwa mama, na ardhi ya ukoo inafuata hukohuko. Nilipoanza kuandika riwaya ya mji unaotawaliwa na kinamama nikajua bibi zangu wameshanifanyia nusu ya kazi. Nikamsomea mama mdogo, Kimara. Akanikatisha ukurasa wa kwanza tu: "Na mjomba umemweka wapi?" Ndiyo hivyo, ardhi inapita kwa mama lakini mwenye kauli ni kaka yake mama. Nikamwingiza. Sasa kila kikao cha malkia anakaa pembeni, haongei sana, na hakuna linalopita bila yeye kukohoa. Nimeshindwa kumtoa.

*

Mkuu, huyo mjomba usimtoe, ndiye riwaya yenyewe.

*

Mie boda, Sinza. Mdogo wangu alinisimulia ile riwaya ya Naomi Alderman, The Power, ya 2016, wasichana wanapata umeme mikononi. Mwanzoni raha, mwishoni wanawake nao wanaonea watu vibaya sana. Nikaipeleka kijiweni. Wote kwa pamoja: "Si tulisema!" Nikawauliza, mlisema nini? Kwamba mwenye umeme lazima aonee wenzake? Sasa miaka yote hii umeme ulikuwa kwa nani? Bahati yao akaja abiria wa Mwenge.