Je, vidonge vya manjano hupunguza uvimbe mwilini?

Swali
Ndugu zangu, gegedu la goti langu limechakaa, na dawa za maumivu nilizoandikiwa zinanisumbua tumbo. Rafiki amenishauri nimeze vidonge vya manjano, akidai kwamba vinaondoa uvimbe wa mwili mzima. Je, dai hilo lina msingi?

Jibu la kwanza
Msingi upo, ila ni mwembamba kuliko matangazo yanavyodai. Kiini kinachosifiwa ni kurkumini, ambayo katika unga wa manjano ni takriban asilimia 3 tu ya uzito, kwa hiyo kijiko cha unga na kidonge kilichokolezwa ni vitu viwili tofauti. Maabarani, kurkumini huzuia baadhi ya kemikali zinazochochea uvimbe. Lakini ikimezwa, utumbo hunyonya kiasi kidogo mno, na hicho kidogo nacho ini hukivunja upesi. Ndiyo maana watengenezaji huongeza piperini ya pilipili manga: utafiti wa mwaka 1998 ulionyesha kwamba miligramu 20 za piperini ziliongeza takriban mara 20 kiasi cha kurkumini kilichofika katika damu ya watu wenye afya. Kwa magoti yaliyochakaa, majaribio kadhaa yameonyesha nafuu ya maumivu, ingawa mengi yalihusu watu wachache na kwa muda mfupi. Hilo la “mwili mzima” mimi siliamini.

Jibu la pili
Huko kunyonywa vizuri ndiko kunakonitia wasiwasi. Visa vya ini kudhurika vimeripotiwa, vingi vikihusisha vidonge vilivyoongezwa piperini, na mwaka 2022 Italia iliagiza viwekewe onyo. Mkojo ukiwa mweusi au macho yakigeuka njano, acha kuvimeza na uende hospitali. Mwenye mawe kwenye mfuko wa nyongo, au anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asivianze bila daktari.

Mwulizaji
Nashukuru. Warfarini naitumia, sikudhani inafaa kutajwa. Je, niache hata manjano ya kwenye chakula?

Jibu la pili
Kiasi cha kawaida cha chakula hakihitaji kuachwa. Vidonge ndivyo usivianze. Linalonishtua zaidi ni hilo tumbo, kwa sababu dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni zikitumiwa pamoja na warfarini huongeza sana hatari ya kutokwa na damu tumboni. Mwone daktari kesho, ukiwa na dawa zako zote mkononi, na ukiona choo cheusi usingoje hiyo kesho.